Kwa Nini Niliiondoa Shahidi

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga pale ofisini mlinisihi niwaandikie mambo ya miaka yangu ya kazi. Nilikubali kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa na sikuweza kukataa. Nia yangu ilikuwa kuwapiga chenga mpaka msahau. Lakini juzi mmoja wenu alinipigia simu akaniambia mnabishana: nusu yenu mnataka Shahidi irudishwe ndani ya Msingi, nusu hamtaki, na wasiotaka wana hoja moja wanayoitanguliza mbele ya zote, kwamba Mama Nafula mwenyewe ndiye aliyeiondoa, na Mama Nafula hakosei.

Basi nimekaa chini, nimezima redio, naandika.

Kwa wale walioingia juzi: Msingi ni kiunzi chetu, ile programu ya chini ambayo juu yake kampuni hujenga mifumo yote ya wavuti, ya zahanati na ya shule. Shahidi ilikuwa maktaba, yaani kifurushi cha programu kilichokaa ndani ya Msingi na kujiandikia chenyewe kila kilichotokea kwenye mfumo. Mistari hiyo inayoandikwa ndiyo logi. Mkishajua hayo matatu, ya kitaalamu yameisha. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vyangu vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua maana mnaupokea.

Nilianza kazi katika kiwanda cha nyuzi kule Industrial Area, nikiwa nimetoka Bungoma na sanduku moja, nakaa kwa senge yangu, dada ya baba, mtaa wa Jericho. Mume wa senge alikuwa mtu wa reli na alikuwa amesikia kwamba kiwanda kinatafuta wasichana wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Sikuwa nimeiona kompyuta hata kwenye picha. Ninachokumbuka zaidi siku ile ya kwanza ni baridi. Wenzetu kwenye mashine za nyuzi walikuwa wanatokwa jasho hadi kwenye viatu, na sisi chumba cha kompyuta tulivaa sweta kwa sababu mashine ile ililetewa kipoza hewa. Hakuna aliyewahi kuuliza kama sisi tunataka hewa.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Wafula, mwendesha mitambo, mtu mfupi mwenye penseli sikioni. Mezani kwake palikuwa na kitabu cha kaunta, kile kikubwa chenye jalada gumu, na ndani yake aliandika kila alichoifanyia mashine: saa, alichofanya, mashine ilivyojibu. Wiki yangu ya pili nilipachika mashineni tepu isiyo sahihi nikafuta orodha ya nyuzi za wiki nzima. Nilikuwa tayari kwenda chooni nikae huko mpaka jioni. Mzee Wafula akanipa penseli akanionyesha mstari mtupu, akangoja. Niliandika nilichofanya, naye akatia sahihi yake chini ya yangu. Tulikesha? Hapana, ilikuwa asubuhi. Tuliingiza orodha upya, tukamaliza saa kumi, tukanywa chai. Tangu hapo nikawa mtu wa kuandika kila kitu, miaka mingi kabla sijalisikia neno logi.

Kiwanda kilifungwa kama vilivyofungwa vingine. Nikahangaika hapa na pale, nikasoma programu siku za Jumamosi na watoto wawili mgongoni, mmoja wa kwangu na mwingine wa jirani, mpaka nikakutana na Mutiso. Mnamfahamu Mutiso akiwa mwenye kampuni mwenye tumbo. Mimi nilimfahamu akiwa na chumba kimoja juu ya duka la misumari, hatua chache kutoka Jogoo Road, na seva moja ya kuazima aliyoiweka chini ya sinki. Tuliandika Msingi sisi wawili. Yeye aliandika yanayoonekana, mimi niliandika yasiyoonekana, na ndani ya hayo yangu nilipanda logi kwa mkono, mstari mmoja mmoja. Si kila mahali. Nilichagua. Fundi wa nguo hapigi pini kitambaa kizima. Anajua ni wapi kitateleza.

Kesi iliyonipa jina ilitoka kwenye zahanati moja ya Mukuru kwa Reuben. Matokeo ya maabara yalikuwa yanapotea, na yalipotea Jumanne tu. Walishamwita mtu wa umeme, wakamwita mtu wa mtandao, na nadhani mchungaji naye alipita. Nilikwenda nikakaa na kompyuta yao siku tatu. Kumbe Jumanne mtaalamu wa maabara alikuwa na mapumziko, na anayemshikia nafasi alikuwa kijana nadhifu aliyeandika majina ya watu ipasavyo. Akiandika Ong'ayo au Ng'endo, anaweka ile alama ya juu, na mfumo wetu ulikuwa ukikutana na alama ile unakatika kabla ya kuhifadhi. Yule mtaalamu wa siku nyingine alikuwa mvivu, aliandika Ongayo tu, kwa hiyo mambo yalienda sawa. Mstari mmoja wa logi niliokuwa nimeupanda hatua moja kabla ya kuhifadhi ndio ulionipa jibu. Nadhani ndiyo mara pekee nilipoona uvivu ukiokoa wagonjwa.

Hadithi hiyo ilisimuliwa kwenye soko la nyama la Burma kila Ijumaa kwa miaka. Mnajua desturi yetu: Ijumaa tunateremka sokoni, tunaagiza mbavu, na mtu aliyefanya la maana wiki hiyo anaketi karibu na Mutiso na kupewa kisu akate yeye. Nilikishika mimi kisu hicho mara nyingi kuliko mtu yeyote. Simu ikilia kwamba mfumo umegoma, watu walikuwa hawaulizi umegoma vipi. Walisema, muulizeni Mama. Sitadanganya, nililipenda neno hilo kuliko cheo.

Atieno nilimleta mimi. Hilo liandikeni. Alikuja ofisini na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki, Mutiso akamwona mdogo sana, mimi nikasema mpe kiti karibu na changu. Nilimfundisha kufikiri kwenye karatasi kabla ya kugusa kibodi. Nilimfundisha kumsikiliza nesi mpaka mwisho hata akizunguka. Alikuwa akiishi Tassia kwenye ghorofa zile za kupanga, na asubuhi alinijia na njugu karanga kwenye karatasi. Aliniita Mama tangu wiki ya kwanza, na kwa miaka mitatu nilimjivunia mbele za watu kama mtoto aliyepita mtihani.

Kisha akaandika Shahidi. Alikuwa ameniona nikihangaika siku nne na tatizo la zahanati moja ya Umoja, mahali ambapo kwa bahati mbaya sikuwa nimepanda mstari wowote. Wiki mbili baadaye akanionyesha kifurushi chake. Unakiweka ndani ya Msingi mara moja, na hapo kinaandika kila ombi linaloingia, kila fomu inayojazwa, kila jibu linalotoka, bila wewe kupanda mstari hata mmoja. Tatizo la siku nne alilipata nikiwa bado nakoroga sukari kwenye chai.

Nilimpongeza. Nilimkumbatia hata. Ndani roho ilikuwa inaniuma kiasi kwamba chai ile sikuimaliza.

Nataka muelewe wivu huo ulikuwa wa namna gani, maana watu husema wivu kana kwamba ni kitu kimoja. Sikumtakia ugonjwa. Sikutaka mavazi yake wala ujana wake. Niliona gere kwa jambo moja: kwamba watu walianza kupita mezani kwangu wakienda kwake. Meza yangu ilikuwa ya kwanza kutoka mlangoni. Wakiingia, zamani walisimama hapo. Sasa walinisalimu vizuri, "Mama, umeamkaje," na miguu haisimami. Nilianza kuwahesabu. Mwanamke mzima, nywele zimeota mvi, nahesabu miguu. Nilianza pia kumsifu kwa namna yangu, sifa zenye mwiba: amejitahidi sana kwa mtu asiye na uzoefu, ni kitu kizuri kwa mifumo midogo. Alipokosea tahajia kwenye maelezo ya programu, nilimsahihishia mbele ya wote. Alishukuru, na shukrani yake nayo ikanikera.

Hata jinsi alivyoizungumzia maktaba ile iliniudhi. Alisema "Shahidi amesema," "Shahidi hajaona hiyo," kama vile ni mtu wa nne ofisini. Ijumaa moja Mutiso akampa kisu. Atieno akakata mbavu, kipande cha kwanza akaniwekea mimi. Nilikula. Sijui kilikuwa na ladha gani.

Mutiso akatangaza kwamba Ijumaa ya wiki mbili baadaye tutaamua kama Shahidi ibaki ndani ya Msingi moja kwa moja, ili kila mteja mpya aipate bila kuiomba. Wakati huo ilikuwa kwenye majaribio, zahanati tatu tu, ile ya Reuben ikiwa mojawapo. Kila mtu aliombwa aipitie na kuleta maoni. Mimi niliipitia kuliko wote. Nilikuwa natafuta kosa, na Jumatatu, kitu kama saa nne asubuhi, nikalipata.

Nilifungua ukurasa wa kusomea logi, nikachagua zahanati ya Reuben. Shahidi ilikuwa inaandika kila kilichojazwa kwenye fomu, na fomu za zahanati hujazwa watu. Niliona jina la mama mmoja, umri wake, mahali anapokaa, na mbele yake kipimo cha kifua kikuu na jibu: anao. Mistari miwili chini niliona neno la siri la nesi, wazi kama jina la duka. Na ukurasa ule uliweza kufunguliwa na yeyote ofisini, kuanzia Mutiso hadi wale wa dawati la simu.

Dawa yake ilikuwa kazi ya nusu saa. Unaandika orodha ya sehemu za fomu ambazo Shahidi haipaswi kuzigusa, basi. Atieno alikuwa hatua nne kutoka kwangu, anatafuna njugu, anaimba kwa pua pambio la kanisani kwao. Ilitosha nigeuze kiti na kusema, Atieno, njoo uone. Nilichapisha ukurasa ule, nikaukunja mara mbili, nikauweka kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo. Nilifurahi. Nimetafuta neno la kupunguza hilo na halipo. Nilikuwa na siku kumi na moja za kungoja Ijumaa ya mkutano, na nilizingoja kama mtoto angojavyo Krismasi.

Alhamisi ile ile, Kevo wa dawati la simu alipigiwa na zahanati kuhusu tatizo jingine. Akafungua logi kutafuta, na akaona jina analolijua. Kevo mnamjua: hana hila, hata mbwa wa walinzi wanampenda. Mama yule alikuwa jirani wa dada yake huko Reuben, anauza chapati na maharagwe nje ya lango la kiwanda kimoja, vibarua wanakula kwake kabla ya kuingia zamu. Nitamwita Mama Junior, ingawa si jina lake. Kevo aliingiwa na huruma. Jumapili, kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba huko kwa dada yake, kiongozi alipouliza nani ana ombi, Kevo akasimama akaomba watu wamkumbuke Mama Junior kwa jina, Mungu amponye kifua kikuu.

Waliomba vizuri, naambiwa, kwa machozi. Jumatatu vibarua wakapita mbele ya sufuria za Mama Junior bila kusimama. Jumanne mwenye nyumba akamwambia atafute pengine, kwa sababu wapangaji wana watoto. Jumatano matroni wa zahanati akampigia simu Mutiso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona Mutiso akisimama wima kupokea simu.

Alituita sote chumba cha nyuma. Akaeleza alichoambiwa, kisha akauliza habari ya mgonjwa imetokaje. Kevo alikuwa anaangalia viatu vyake. Nami nilijua kwamba karatasi yangu, ambayo nilikuwa nimeiwekea Ijumaa, haingepata siku nzuri kuliko hiyo. Nilikwenda kwenye droo nikarudi nayo, nikaikunjua mezani mbele ya Mutiso.

"Umeiona lini?" Mutiso akaniuliza.

"Asubuhi hii," nikasema.

Atieno aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Sijawahi kumwona mtu akisoma kitu kifupi kwa muda mrefu vile. Halafu akasema kosa ni lake, alipaswa kufikiria sehemu za siri tangu mwanzo, na hakutafuta neno la kujifichia. Hapo ningetosheka. Nilikuwa nimeshinda, na mbele ya watu. Lakini akaongeza kitu, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu wa kazi.

"Shahidi huwa anaandika pia nani amefungua logi, na saa ngapi. Tukitoa hiyo orodha, tutajua imepitia wapi."

Mutiso akasema sawa, baada ya chakula cha mchana. Kisha akanigeukia akaniambia niingie kwenye seva mara moja nifute habari zote za wagonjwa zilizokuwa kwenye logi, kabla matroni hajafika, na niiondoe Shahidi kwenye mifumo yote mitatu. Mimi ndiye niliyekuwa na funguo za seva. Alisema, "Mama, fanya wewe, nakuamini."

Sikujua. Hilo ni kweli na ndilo linaloniaibisha kama fundi: niliipekua Shahidi siku nzima nikitafuta kosa, na sikuona kwamba ilikuwa inaniandika. Nilipofungua folda, orodha ilikuwa pale, faili ndogo peke yake, mbali na habari za wagonjwa. Kwa zahanati ya Reuben, jina langu lilikuwa la kwanza. Nafula, Jumatatu, saa nne na dakika sita. Chini yake Kevo, Alhamisi. Kati ya mimi na Kevo hakukuwa na mtu mwingine, siku tatu nzima. Yeyote ambaye angeisoma angeelewa bila kuelezwa: kama ningegeuza kiti Jumatatu, Kevo Alhamisi asingekuta kitu cha kuombea.

Faili ile haikuwa na habari ya mgonjwa hata mmoja. Mutiso hakuniambia niiguse. Niliiweka pamoja na zingine, nikafuta zote, na ili nisibaki na mashaka nikafuta na nakala ya akiba.

Waliporudi kutoka kula niliwaambia nimesafisha kila kitu kama nilivyoagizwa. Atieno akauliza kuhusu ile orodha. Nikasema nimeondoa folda nzima, nilidhani ndivyo ilivyotakiwa. Akaniangalia kidogo tu, halafu akaangalia meza. Kabla mtu hajasema lingine Kevo akaanza kulia.

"Ni mimi, boss. Nilidhani ni maombi tu, walahi. Sikuwa na nia mbaya, huyo mathe amenilisha chapo nikiwa sina kitu."

Alieleza yote. Mutiso hakumfukuza, na alifanya vyema. Hakumfukuza Atieno pia, lakini Atieno aliandika barua ya kuacha kazi juma lile lile. Alipokuja kuniaga alinipa mkono na kusema, "Asante kwa kunifundisha, Mama." Nikamwambia aende salama. Ijumaa Burma nikapewa kisu. Miguu ikaanza tena kusimama mezani kwangu, mistari ya logi ikarudi kupandwa kwa mkono, na kila mliyeajiriwa baada ya hapo mlisimuliwa jinsi Mama Nafula alivyoiona hatari. Nilisikiliza hadithi hiyo miaka miwili mpaka mliponikatia keki, na sikuwahi kumsahihisha aliyeisimulia.

Baada ya simu ya juzi nilikwenda Tassia. Sikumpigia kwanza, nikihofia angesema nisije au, vibaya zaidi, angesema karibu. Nilinunua sukari na mkate, nikapanda hadi ghorofa ya nne nikitweta. Atieno alifungua mlango akiwa na mtoto mgongoni, kompyuta iko wazi juu ya meza ya kulia. Anafanya kazi kutoka nyumbani siku hizi, anaandika mifumo ya watu wa mbali, na macho yangu yalikwenda kwenye kioo cha kompyuta kabla hayajaenda kwa mtoto. Kazi safi. Safi kuliko yangu. Nikaona gere pale pale mlangoni, sukari mkononi.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilimwambia Jumatatu, saa nne na dakika sita. Alikuwa anamimina chai na hakuacha kumimina.

"Najua, Mama. Niliiona hiyo list kabla ya lunch. Mliposimama kutoka mkutanoni, mi niliifungua, kabla hujaifuta."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Ningesema, ungekataa. Ningebaki nimekuita mwongo mbele ya watu, na wewe ndiye ulinipa kiti. Na bado kosa la kuandika hadi siri za form ni langu. Hiyo haikuwa yako."

Nikashika kikombe. Kabla sijanywa, mlango ukagongwa, akaingia mwanamke na sufuria iliyooshwa, akaiweka jikoni kama mtu anayepajua. Atieno akamwita dada. Kisha akanitambulisha kwake, akasema huyu ndiye mama aliyenifundisha kazi. Mwanamke yule akafuta mikono kwenye leso, akanishika mkono wangu kwa miwili yake, akasema asante sana kwa kutulelea huyu. Akamchukua mtoto mgongoni mwa Atieno, akatoka akashuka naye hadi kwenye kibanda chake.

Ni Atieno aliyenieleza baadaye kwamba huyo ndiye Mama Junior. Alipofukuzwa Reuben, Atieno alimtafuta akampata kwa binamu yake, akamwambia usoni kwamba programu iliyomtaja ni yake. Mama Junior alimfungia mlango mara mbili. Mara ya tatu alimfungulia. Atieno alimpatia chumba cha chini kwenye jengo lao, na miezi yote sita ya dawa alikuwa akishuka asubuhi kuhakikisha amemeza. Amepona. Anauza chapati pale langoni, na wapangaji wa ghorofa zote wanakula kwake.

Nilisikiliza yote hayo na nawaambia nilichohisi, kwa sababu nimekuja kusema kweli. Sikuhisi aibu kwanza. Aibu ilikuja nikiwa njiani. Kwanza nilimwonea wivu. Kosa tulilitenda wawili, yeye akaenda kubisha mlango mpaka ukafunguliwa, akatoka na dada; mimi nikatoka na kisu cha kukatia nyama.

Mama Junior hajui. Niliposhuka kuondoka nilimkuta langoni, nikafungua mdomo, nikasema chai ya Atieno ni tamu. Barua hii nitampelekea kesho, kabla haijawafikia nyinyi, na nitakaa pale langoni mpaka aisome au anifukuze. Mkiipokea, mjue kwamba ameshaiona.

Sasa kuhusu ubishi wenu. Rudisheni Shahidi. Iwekeni ndani ya Msingi moja kwa moja, kila mteja aipate. Orodha ya sehemu zisizoguswa iandikwe kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, na isomwe na nesi, si na sisi. Ukurasa wa logi ufunguliwe na wawili tu, na orodha ya waliofungua ikae kwenye seva ambayo mkubwa wa ofisi hana funguo zake. Mistari ya kupanda kwa mkono mnaweza kuiacha. Ilikuwa mizuri, lakini ilijua tu nilichokijua mimi.

Na kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya Msingi, pale mlipoandika jina langu, litoeni, muandike kwamba Shahidi ni kazi ya Atieno. Sentensi hiyo nimeiandika mara tatu tangu asubuhi. Mara mbili za kwanza nililifuta jina lake.